Moshi Uliokataa Kupanda

Mzee Mashimba alikuwa mwana wa Ngosha, na Ngosha mwana wa Chenge, wafugaji ambao neno lao lilimaliza ugomvi wa mipaka bila kuitwa shahidi wa pili. Lakini asubuhi ile ya Julai fahari hiyo haikumtuliza. Aliteremka upesi kutoka nyumbani kwake, juu ya mawe ya Mkolani, kwa kuwa tangu alfajiri alisikia kikohozi cha kitukuu wake, Precious, kikitoka bondeni.

Jioni iliyotangulia, mjukuu wake Shigela, baba wa mtoto huyo, alikuwa amewasha tanuri la matofali karibu na mlango wake. Mzee alimkataza. "Bonde linakinga upepo, babu," Shigela alimjibu. "Pumba za mpunga zitaungua taratibu."

Katikati ya mteremko, mzee alihisi baridi ikimpanda miguuni kana kwamba anaingia mtoni. Juu alikotoka kulikuwa na vuguvugu. Chini yake moshi ulikuwa umejilaza, bapa kama dari.

"Shikamoo, babu," alisema Dorcas, mama wa mtoto, akijifuta macho.

"Marahaba. Baridi gani hii huku chini! Mtoto yuko wapi?"

"Ndani. Shigela amesema nifunge madirisha."

Shigela akaibuka moshini, koleo mkononi. "Moshi utapanda tu, babu. Hiyo baridi umekuja nayo mwenyewe, ni uzee."

"Uzee haujaniziba pua! Usiku haukuwa na wingu wala upepo. Ardhi imepoa, ikaipoza hewa. Hewa ya baridi ni nzito. Imeteremka milimani ikatuama humu kama maji. Ya joto imeifunika. Moshi wako upite wapi? Lizibe tanuri!"

"Nikiliziba tanuri sasa, matofali yatabaki mabichi."

Ndani, Precious alikohoa, kisha akanyamaza. Kimya kile kilimtisha mzee kuliko kikohozi. Dorcas alikimbilia ndani, akatoka na mtoto, midomo imeanza kubadilika rangi.

"Mpandishe kwenye mawe! Sasa hivi!"

Shigela alitupa koleo, akamtwaa mwanawe, akakimbia mlimani, Dorcas nyuma yake. Mzee alishika udongo kwa mikono yake, akaanza kuziba midomo ya tanuri, masikio yakiwa juu mlimani. Hakusikia kitu. Akaacha mdomo wa mwisho wazi, akapanda.

Juu, penye jua, Precious alikuwa akilia kwa hasira, kilio kizima kisichokatika.

"Jua likilipasha bonde moshi utatoka, babu," Shigela alisema. "Nikachochee tanuri?"

"Utampeleka mtoto zahanati! Na ninyi vijana, mzee akisema mahali hapafai, muulizeni sababu kabla hamjawasha kiberiti. Sikieni!"