Miguu Mingine Ukumbini

Tamthilia za dansi zina siri moja watazamaji hawaijui: wahusika wanapozungumza mbele ya kamera, muziki huzimwa ili maneno yao yanaswe safi. Mchezaji huendelea kucheza ndani ya kimya kile, wimbo ukiwa kichwani mwake tu. Kishada hakuwa na mpinzani katika hilo. Jina alipewa na mama yake, mwalimu wa dansi, aliyemfundisha katika ukumbi huu huu wanamorekodi, mpaka siku mama huyo alipoanguka katikati ya wimbo asiinuke tena.

Leo baba yake, fundi cherehani, alikuwa amesimama mlangoni na kandambili za bintiye mkononi.

"Twende nyumbani. Nyayo zimekuchanika, shuka zimejaa damu. Unacheza hata usingizini, mwanangu!"

"Baba, kipande hiki tu. Ndicho cha mwisho."

"Mama yako naye alisema hivyo hivyo."

"Tuvumilie, mzee wetu," mwongozaji aliingilia. "Ukikohoa tu, tunaanza upya."

"Basi nitakohoa."

Watu wakaangua kicheko. Baba hakucheka, lakini hakukohoa pia.

Muziki ukazimwa. Kishada akacheza peku, mwepesi kama pamba. Mara fundi wa sauti akavua hedifoni, amekunja uso.

"Nani kavaa viatu?"

Hakuna aliyevaa. Mwongozaji alikwisha kupiga marufuku.

"Kata!"

Kishada akasimama. Viatu havikusimama. Ko, ko, kisha mkwaruzo, kama mguu wa kushoto unaoburutwa kidogo kwenye kugeuka. Sasa kila mtu alivisikia. Mtu wa taa alitoka nduki, hata mlango hakufunga.

Baba hakukimbia. Mkwaruzo ule aliujua. Aliishi nao ndoa nzima. Alikwenda hadi katikati ya sakafu tupu, akasema kwa upole, kama mume anayezungumza na mkewe jikoni:

"Mama Kishada, mtoto ni wetu sote. Nilimkataza kucheza, sasa nimekoma. Acheze. Ila akichoka, mwache alale. Nakuomba hilo tu."

Viatu vikatulia.

Kishada alishusha pumzi, akajibwaga kwenye kiti. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alihisi usingizi, usingizi mzito, mtamu, wa kitoto. Baba akapiga goti mbele yake amvishe kandambili.

"Amekubali, baba?"

Mzee alikuwa ameung'ang'ania mguu wa kushoto wa binti yake kwa mikono miwili, mishipa imemtoka shingoni, kama mtu anayezuia mlango unaosukumwa kutoka upande wa pili. Kisigino kilikuwa kikimgonga viganja, polepole, kwa mapigo.

"Baba," Kishada alinong'ona, macho yakifumba, "si mimi."