Salamu za Kilo Kumi na Tisa

Usiku wa kuamkia Jumatano niliota nimesimamishwa na askari wa mwendo mjini Lisbon. Nilikuwa napanda kilima chenye ngazi za mawe, kibegi mgongoni, peke yangu kabisa kama kanuni zinavyotaka, nikasikia filimbi. Askari mwenyewe alikuwa konokono wa ukubwa wa kawaida. Alivaa koti la njano linalong'aa, nalo lilimkaa vizuri.

"Mama, unajua ulikuwa unakwenda mwendo gani?"

"Polepole," nikajibu.

"Polepole ya wapi? Umenipita mara mbili."

Nikaomba radhi. Mimi, Eliwaza Mrutu, nilikuwa mkaguzi wa shule wilayani Same kwa miaka ishirini na saba, na najua kwamba anayekukagua habishiwi. Unamkaribisha kiti, unakubali makosa, anaondoka.

Safari hiyo niliifanya kweli, mwaka juzi, nilipopata kiinua mgongo. Wenzangu walijenga vyumba vya kupangisha. Mimi nilikuwa nimesoma kwenye simu habari za watu wanaozunguka miji ya Ulaya peke yao, taratibu, bila ratiba na bila kiongozi wa msafara, nikaona hiyo ndiyo raha niliyonyimwa maisha yangu yote. Kanuni zao nikazinakili kwenye daftari. Tembea polepole. Beba mzigo mwepesi. Kaa mahali, uuache mji ukujie. Uwepo pale ulipo. Na kubwa kuliko zote: usimtafute mtu unayemjua, maana ukishakaa na ndugu hiyo si safari tena, ni kutembeleana.

Konokono akaniandikia onyo, akanielekeza mizani. Ilikuwa mizani kama ile ya malori barabara kuu, na foleni yake, isipokuwa wapimwaji walikuwa watalii. Nikapanda.

"Begi ni kilo nne," ikasema mizani kwa sauti ya mtu aliyechoka kazi. "Hizi kumi na tisa nyingine ni za nini?"

"Sina kitu kingine."

"Unazo salamu. Ziko hapo kifuani. Za nani?"

"Za mama," nikasema. "Za kumpa mdogo wangu, Mbonea. Yuko Vienna."

Mbonea ni fundi wa lifti huko. Baba alipofariki hakuja kuzika, na mama akamwambia kwa simu asikanyage tena nyumbani. Miaka kumi na mmoja hawakusemezana. Siku niliyoondoka kwenda Ulaya, mama akanishika mkono, hakuuachia. "Mwambie Mbonea sina kinyongo naye," akasema. "Mwambie aje nimwone. Lakini si kwa simu, Eliwaza. Neno lile baya nilimwambia kwa simu. Hili umwambie mnatazamana."

"Mbona hujazishusha?" ikauliza mizani.

"Nilikuwa kwenye safari ya peke yangu."

Mtalii aliyekuwa nyuma yangu akasogea pembeni kidogo.

Nikashuka, na mguu uliotangulia ukakanyaga mji wa Praha. Ni asubuhi, jua zuri. Nakaa kwenye benchi, nauacha mji unijie, na mji unakuja. Daraja linatangulia, linavuta sanamu zake kama mtu anayevuta watoto kanisani. Nyuma yake nyumba zimepanga mstari, zimevua mapaa mekundu na kuyashika mkononi. Kila moja inanipa mkono.

"Pole na msiba," linasema daraja.

"Msiba gani? Mimi nimekuja kupumzika."

"Wa mama yako."

"Mama alikuwa mzima nilipokaa kwenye benchi hili. Ni mwaka juzi."

"Sisi tunakwenda polepole," linasema daraja. "Ndiyo tumefika."

Nyumba moja nyembamba inauliza kama mtoto wa kiume alihudhuria maziko. Nasema hakuhudhuria. Alituma ujumbe wa maneno mawili, "Poleni sana," basi.

"Mkamsemaje?"

"Tulimsema sana. Mjomba Senzota alisimama kaburini akasema anayemzika mama yake kwa simu si mtu. Waombolezaji wakaitikia."

"Na wewe?"

"Niliitikia."

Nyumba zikavaa mapaa yao, zikaondoka bila kuaga. Nikainamisha kichwa, na nilipokiinua nilikuwa ndani ya mkahawa, Vienna, meza ya dirishani, mbele yangu kikombe cha kahawa. Meza hiyo naijua. Nilikaa hapo jioni tatu mfululizo. Ng'ambo ya barabara, baada ya reli ya tramu, kuna mlango wa kijani, na Mbonea anakaa ghorofa ya tatu.

Kikombe kikafungua daftari la mahudhurio.

"Eliwaza Mrutu."

"Nipo."

"Mwongo. Hupo." Kikachora mkasi wa kosa kwa wino mwekundu, kama nilivyokuwa nikichora mimi. "Umeandika kwenye daftari lako: Leo nimeionja kahawa kwa saa nzima bila kuwaza kitu. Kitu gani hicho ulichokuwa huwazi?"

"Mlango ule."

"Barabara ina hatua ngapi?"

"Thelathini na mbili. Nilizihesabu kwa macho."

"Siku ya tatu je?"

Ndani ya ndoto nilijua kwamba nikidanganya kikombe kitajua, kwa hiyo nikasema. Siku ya tatu mlango ulifunguka, akatoka Mbonea na sanduku la spana. Ameota mvi. Anatembea kama baba, bega moja chini. Akapita dirishani, karibu kiasi kwamba ningegonga kioo kwa kidole angegeuka. Nikainua gazeti la Kijerumani, lugha ambayo sijui hata neno lake moja, nikalisoma mpaka alipopotea. Niliogopa angenikaribisha. Ningelala kwake, tungelia, ningepika ugali, ningesikiliza ya baba na ya mama mpaka siku zangu ziishe. Nilisema moyoni: nimewatumikia maisha yangu yote, hizi wiki tatu ni zangu.

"Ukarudi nyumbani ukasemaje?"

"Mama aliuliza kama nimemfikishia. Nikasema nimemfikishia. Akauliza, 'Akasemaje?' Nikasema alifurahi. Akauliza, 'Atakuja lini?' Nikasema karibuni."

Kikombe kikafunga daftari. Sikukieleza mengine, kwamba mama alikitandika kitanda cha chumba cha uani, na kila Jumamosi akabadilisha shuka ambazo hakuna aliyezilalia, kwa miezi minane, mpaka Jumamosi aliposhindwa kuinuka. Shuka za mwisho nilizitoa mimi. Zilikuwa safi.

Nikasimama. Nikavuka barabara mbio, na nyuma yangu filimbi inalia, konokono anapiga kelele kwamba nimevunja sheria, na mimi sijali tena sheria ya mtu. Mlango wa kijani unafunguka. Lifti imekaa chini, imejifunga.

"Nipandishe," nasema. "Mimi ni dada yake Mbonea."

"Namjua Mbonea," inasema lifti. "Ananipaka grisi kila mwezi, na akinipaka huwa anazungumza. Dada hajamtaja. Halafu wasafiri wa taratibu hupanda ngazi."

Napanda ngazi. Kifua kinauma kwa zile kilo. Ghorofa ya tatu mlango wa Mbonea unanitazama kwa tundu lake la ufunguo.

"Safari yako ni ya mtu mmoja," unasema. "Ukiingia mtakuwa wawili. Siwezi."

"Nimeacha. Sisafiri tena. Fungua."

"Na hizo salamu, aliyezituma bado yupo?"

"Hayupo."

"Basi za nini?"

Hapo hasira ikanipanda, na hasira yenyewe haikuwa ya kuuonea mlango. Nikapiga magoti, nikaweka mdomo kwenye tundu la ufunguo, nikapiga kelele kama ninaita mtu ng'ambo ya bonde. "Mbonea! Mama hana kinyongo nawe! Anasema uje akuone! Mbonea, alikuwa hana kinyongo!"

Kitu kizito kikanitoka kifuani, kikaingia kwenye tundu. Ndani kiti kikasogezwa. Miguu ikaja mpaka nyuma ya mlango, ikasimama.

"Nani huyo?" akauliza mdogo wangu.

Nikaamka.

Kumekucha, jirani anafagia uwanja wake. Niko kitandani kwangu, Same, na sauti imenikauka kana kwamba nimepiga kelele kweli. Nikachukua simu nione saa. Kuna ujumbe kutoka namba ya Mbonea, wa kwanza tangu msiba.

"Shikamoo dada. Nimeota umepiga magoti mlangoni kwangu unaniambia mama hana kinyongo na mimi. Samahani kukusumbua kwa habari za ndoto, ila nimeshindwa kwenda kazini. Aliwahi kusema hivyo kweli? Kama alisema, alisema lini?"

Nimeusoma mara nne. Nimeandika "Marahaba," nikafuta. Juu ya simu panaonyesha kwamba yuko mtandaoni, na zile alama mbili kwake zimeshageuka buluu, kwa hiyo anajua kwamba nimeusoma.