Shanga za Oveni ya Oleta

"Nusa! Nusa mwenyewe uniambie hiyo ni harufu ya nini!"

"Ya shanga."

"Shanga gani zinanuka nyama ya nguruwe, Delmar?"

Delmar Huskey hakunusa. Alishajua. Walikuwa mlangoni pa kibanda cha mashine, na kopo lilikuwa mikononi mwa Daktari Brandt, mtafiti kijana wa mjini aliyevaa viatu vya kupandia milima ambavyo havijawahi kupanda hata ngazi za kanisa. Ndani ya kopo mlijaa shanga za rangi ya machungwa, za kunyonya unyevu wa hewa, na shanga hizo ndizo zilizokuwa kazi ya Delmar tangu kiwanda cha mbao kifungwe. Jioni anazitoa kwenye bomba la mashine, zimelewa unyevu na kugeuka kijani. Anazioka mpaka zikauke na rangi yake irudi. Asubuhi anazirudisha bombani. Basi. Mwanamume mzima na ndevu zake, anaoka shanga. Mshahara wenyewe wa kuchekesha, ila una bima, na bila bima dawa ya kifua ya mkewe Oleta haishikiki.

"Umezioka wapi?"

"Kwenye oveni ya Oleta."

"Oleta ndiye nani?"

Mtu amekula kwake majira mawili ya joto, mkate wa mahindi na maharage, anajilamba vidole, halafu anauliza Oleta ndiye nani!

"Mke wangu. Yule uliyemwambia biskuti zake zina mafuta mengi, ukala sita."

"Na oveni ya hapa kibandani je?"

"Ilikufa Mei. Nikakwambia. Ukaniambia, 'Delmar, tumia akili yako.' Nikatumia."

Daktari akajibwaga kwenye kigogo cha mlangoni.

Hapo Delmar alitakiwa aone haya, na aliona, kidogo. Kosa lilikuwa lake. Tangu siku ya kwanza aliidharau kazi ile. Miti ya milima hii inapumua, hata mtoto anajua. Pumzi yake ikipigwa na jua inaganda, inakuwa chembechembe ambazo jicho haliwezi kuziona. Hewa ikiwa kavu, chembe zinasinyaa, na mlima wa ng'ambo unauona mpaka mti mmoja mmoja. Unyevu ukipanda, zinakunywa maji, zinavimba, na mlima wote unafutika kama umepigwa dasta. Wageni wanaita moshi. Sasa watu wamekuja na mashine kupima chembe zinakunywa kiasi gani! Hewa inapita kwenye shanga ikauke, chembe zinapimwa. Inaloweshwa tena, zinapimwa tena. Upuuzi mtupu, aliona Delmar, mtu kulipwa kwa kujua ulevi wa vumbi. Kwa hiyo trei ya shanga akaisukuma chini ya trei ya nyama ya nguruwe, ile inayochuruzika mafuta na kurukaruka, wala hakuwaza mara mbili. Shanga nazo hazichagui kinywaji. Zilikunywa mafuta ya Oleta majira mazima, asubuhi zikaenda kuyatapika bombani, yakazivika chembe koti la mafuta lisilopitisha maji.

"Unajua nimewaambia watu nini?" Sauti ya Daktari ilikuwa imeshuka. "Nimesimama mbele ya ukumbi mzima. Nikasema mlima huu una chembe zinazokataa maji. Hewa imelowa chapachapa, zenyewe hazivimbi. Hakuna aliyewahi kuziona popote. Nimezipa jina."

"Jina gani?"

Daktari akalifunika kopo kifuniko chake.

"Usiniambie umezipa jina lako."

Daktari akaangalia viatu vyake.

Delmar alicheka mpaka akashika ukuta. "Chembe za Brandt! Bwana wee! Mafuta ya nguruwe ya mke wangu yana jina la ukoo!"

"Nyamaza!"

"Ngoja Oleta asikie. Atataka naye asimamishwe ukumbini, awapungie watu mkono na mwiko wake."

"Mzee wangu, sikiliza."

Kicheko kikakatika. Tangu kijana huyu aje huku, hajawahi kumwita Delmar mzee. Alikuwa Delmar tu, kama mbwa wa jirani.

"Wenye pesa za mradi wanakuja kuangalia mashine," Daktari alisema. "Wakikuta chembe zimeanza kuvimba ghafla, mimi nimekwisha. Na wewe umekwisha. Bima ya mkeo pia. Unanielewa?"

"Kwa hiyo utaleta oveni mpya."

"Sileti oveni. Wewe endelea kuoka kwa Oleta, vilevile. Usibadilishe kitu. Mwaka kesho nakubakisha, nakupandisha cheo kabisa."

Delmar alimtazama vizuri, juu mpaka chini. Miezi yote alikuwa akimdharau kwa viatu. Kumbe alikuwa amemdharau kidogo mno.

"Unataka nikukaangie ukweli wako, kijana."

"Usiwe mpumbavu, Delmar."

"Mpumbavu nimekuwa tangu Mei. Lakini mimi nilikuwa sijui."

Akalichukua kopo kutoka mikononi mwa Daktari. Bondeni ukungu ulikuwa umeanza kupanda, mweupe, mzito, unameza miti kuanzia miguuni. Chini huko kulikuwa na nyumba yake, na Oleta dirishani na chupa yake ya dawa, ambayo siku kama hizi huisha upesi. Alisimama na kopo lile muda, kidole gumba juu ya kifuniko.

Halafu akakifungua. Akaliweka kopo wazi kwenye ngazi, katikati yao.

"Unafanya nini? Zitalowa! Delmar! Nazungumza na wewe!"

Shanga za juu zilishaanza kugeuka kijani, na wa kuzioka hayupo tena. Delmar akavuta kofia yake mpaka kwenye nyusi, akageuka, akashika njia ya kuteremka, na ukungu ukampokea mabega, kisha kofia.