Robo ya Hana

Rosy alijua kosa ni la mdomo wake. Alhamisi mjukuu wake wa miaka saba alirudi kutoka shule na kitabu cha picha, na kama kawaida yao wakakaa kwenye kochi, ghorofa ya kumi na moja hapo Scarborough, Kanada, Bibi akikisoma Kiingereza na kukigeuza papo hapo kuwa Kiswahili cha Tanga. Mtoto jina lake Hana, la Kijapani, ambalo Rosy alilipinga mpaka akachoka: hana nini? Husikia kila neno la Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza.

Kitabu kilihusu enzi za Vita vya Pili vya Dunia, Wajapani wa Kanada walipotolewa majumbani mwao na kufungiwa kambini milimani. Msichana wa kitabuni alikuwa na baba Mjapani na mama Mzungu. Amebeba sanduku, polisi amesimama mlangoni. Mchoraji fundi kweli, hata kifungo kilichokatika kwenye koti la yule mtoto alikichora. Hana aliukodolea macho ule ukurasa, kisha akauliza kama yeye naye ni Mjapani.

Mtu mwenye akili angetulia kwanza. Rosy, na utani wake wa sokoni, akamjibu, "Wewe robo tu, kama nyama ya mwisho wa mwezi." Akacheka peke yake. Mjapani mzima ni Babu Takeshi, aliyezaliwa kule kule kambini. Yeye alioa Mzungu, wakamzaa kijana aliyekuja kumwoa Candice, binti wa Rosy, Mgoa wa watu mwenye asili ya Uhindi. Hesabu haikuwa na kosa, ila si ya kumpa mtoto.

Tangu siku hiyo Hana alikataa kuongea na babu yake kwenye simu. Jumamosi Rosy akaikuta picha ya wawili hao, iliyokuwa ukutani, imefichwa chini ya matakia. Takeshi ni mjane, kila Jumapili huja kula nao baada ya misa, na hana furaha nyingine zaidi ya yule mtoto. Hana akimkwepa mbele ya wote, Rosy atauficha wapi uso wake?

Na kweli akamkwepa. Mzee aliingia na mfuko wa machungwa madogo, akafungua mikono, Hana akajibanza nyuma ya Bibi. Takeshi akaishusha mikono polepole, akajifanya anatengeneza kola ya koti. Rosy akamvuta mtoto mpaka jikoni, samaki wa nazi wakichemka.

"Una nini wewe?"

Hana, ambaye hata shikamoo huombwa kuitoa, akajibu kwa Kiswahili. "Bibi, robo inatosha?"

"Inatosha nini?"

"Kuchukuliwa."

"Haitoshi," Rosy akasema haraka, kama vile serikali ni yake. "Robo hawaigusi kabisa."

Alitaka tu mtoto apumue, na akapumua. Hana akakimbilia sebuleni, akapanda mapajani kwa babu yake. Rosy alikuwa ameshaanza kutabasamu aliposikia kile Kiingereza kichangamfu kikimwambia mzee asiogope, yeye Hana hawatamchukua, watamchukua babu tu.

Takeshi akampapasa kichwa. "Vizuri," akasema. "Hivyo ndivyo ninavyotaka."

Kisha akamtazama Rosy, aliyesimama mlangoni na mwiko mkononi. Rosy aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kumtuliza mtoto, kumbe amemtoa kafara mzee wa watu.

Akazima jiko, akaja kukaa kwenye zulia mbele yao. Alizungumza kwa Kiingereza, mzee naye asikie. "Hana, Bibi amekudanganya. Sijui kama robo inatosha. Watu wakishashikwa na wazimu ule, sijui wanahesabu mpaka wapi."

Hana akamwangalia Bibi, akamwangalia Babu. Rosy alikaa roho juu, mikono tayari kumpokea akishuka. Mtoto hakushuka. Aliushika mkono wa babu yake kwa mikono yake miwili, akamuuliza kama kule kambini watoto walilala chumba kimoja na babu zao.