Kilomita za Dirishani

Watoto walimwita baba yao Baba Futi, naye masikini akadhani wanamsifu. Kazi yake yote ilikuwa kushika ncha ya utepe wakati wapimaji wenyewe wanapima viwanja. Alishika mpaka akastaafu, akarudi nyumbani na utepe na kiburi cha kutosha mtaa mzima.

Asubuhi hiyo mkewe alipata ujumbe kutoka ng'ambo: "Dada, ndiyo napanda ndege. Nitapita hapo kwenu kubadilisha ndege, njoo tuonane." Halafu simu kimya. Ndugu hao hawakuwa wameonana tangu walipomzika mama yao, na huyu mdogo mtu hakutaja hata saa ya kufika.

"Baba watoto, si upige simu uwanja wa ndege uwaulize?"

"Niulize? Mimi? Nitakokotoa!"

Sebuleni alikuwa na ramani ya dunia. Alipoinunua haikuenea ukutani kwa sababu ya dirisha, basi bingwa akaichana katikati, nusu akaibandika kushoto mwa dirisha, nusu kulia, kwa gundi ya mbao. Sasa akapanda stuli akavuta utepe. Ukatoka uwanja wa shemeji, ukapita bahari, ukapita pazia la maua na nondo za dirisha, ukatua uwanja wao upande wa pili. Akalamba penseli, akazidisha, akagawa.

"Kesho adhuhuri," akatangaza, kama vile ndege ilikuwa ikingoja ruhusa yake.

Mkewe aliegemea ufagio. "Na hapo katikati umepima nini?"

"Anga."

"Hilo pazia langu, baba."

"Haya mahesabu, mama. Wewe fagia."

Akafagia. Angebishana na stuli angepata faida zaidi. Lakini jicho lake lilikuwa dirishani: pana kuliko bahari zote alizovuka yule bwana. Ukiliondoa dirisha hilo, mdogo wake anafika leo hii! Akaegesha ufagio, akavaa gauni la buluu.

"Wapi?"

"Sokoni."

Hata hakugeuka, alikuwa anapigia mstari jibu lake.

Uwanjani alasiri hiyo alimkuta mdogo wake kwenye benchi, mkoba magotini, macho mlangoni. Walikumbatiana, wakalia, wakapanguzana machozi kwa khanga moja.

"Shemeji yuko wapi?"

"Nyumbani. Kwa hesabu zake, wewe bado hujamaliza kuvuka dirisha."

Alipoeleza, walicheka mpaka askari akawasogelea kuona kuna nini. Waliachana pale tu ndege ilipoitwa.

Kesho yake Baba Futi alifunga tai, akashika bango lenye jina la shemeji.

"Twende, mama. Wakati ni mali."

"Tangulia, baba. Mimi miguu leo inanisumbua."

Akatoka kifua mbele. Mkewe alisogeza pazia, akaweka uso kwenye nondo katikati ya dunia mbili.

"Fanya haraka, baba! Usije ukamkosa!"