Kikombe Kimoja na Nusu

Kwenye kituo cha utafiti wa mbegu walimwita Mama Maharage, wala hakukasirika. Miaka tisa alikuwa akiinamia maua ya maharage, kibano mkononi, akichukua chavua ya ua hili na kuipaka ua lile. Alitafuta mbegu yenye madini mengi ya chuma, isiyokufa mvua ikikatika.

"Utakuja kuzaa maganda wewe!" mkuu wake alimtania.

Alicheka tu. Hakuwahi kumwambia kwamba mdogo wake alifia kwenye uzazi kwa kupungukiwa damu, na kwamba ndiyo sababu alisomea mimea.

Mwaka wa tisa, jua lilipiga shamba la majaribio mpaka udongo ukapasuka. Mistari yote ikanyauka, mmoja ukasimama. Akavuna kikombe kimoja na nusu cha mbegu, basi. Ghala la kituo lilikuwa limeingiliwa na fukusi, akaona heri azianike nyumbani, kwenye sinia juu ya kabati, mpaka ghala lipigwe dawa.

Nyumbani aliishi na mama yake mzazi, ambaye kumbukumbu zilikuwa zikimtoka kidogo kidogo. Mwaka mzima alikuwa hajashika mwiko.

Alhamisi moja, mtafiti alirudi kutoka kazini akapokewa na harufu ya kitunguu. Mama alikuwa jikoni, uso unang'aa. Sinia lilikuwa limeshaoshwa.

"Mama, umepika nini?"

"Maharage. Mdogo wako anakuja kula. Daktari kasema hana damu, na tumbo lile limeshakuwa kubwa. Wewe umekaa tu, huoni mwenzio anavyopauka?"

Mtafiti akafunua sufuria. Akachota, akamwaga, akachota tena, akitafuta hata punje moja iliyobaki mbichi. Zote zilikuwa zimepasuka. Akakaa sakafuni.

"Unalia nini?"

"Moshi, mama."

"Moshi gani, na jiko la gesi?"

Mama alitenga sahani tatu. Kila geti lilipolia alichungulia dirishani. Giza lilipoanza kuingia akasema, "Labda mumewe kamchelewesha. Tumwekee chake, sisi tule."

Wakala. Yalikuwa laini, matamu, mchuzi mzito.

"Kula, mwanangu. Nawe umekonda."

Mtafiti akajiongezea.

Asubuhi alimweleza mkuu wake.

"Zote?"

"Zote."

Mkuu akamsogezea kiti. Mbegu za aina mbili alizoanzia zilikuwa bado kwenye jokofu la kituo. Kazi ingeweza kuanza upya, lakini hakuna aliyejua kama mchanganyiko ule ungetokea tena.

Mama alifariki mwaka wa pili wa kazi hiyo mpya, maua yakiwa ndiyo kwanza yanafunguka. Mtafiti alikaa msibani siku nne. Aliporudi shambani, mengi yalikuwa yameshapukutika. Akapiga goti kwenye mstari wa kwanza, akaanza na yaliyobaki.