Rakaa Mbili za Mama Gundi

Pale maktaba walimwita Mama Gundi, na jina hilo halikumkera hata kidogo. Wako waliopewa majina mabaya zaidi. Mkuu wa maktaba mwenyewe aliitwa Bwana Nyamaza, tena na watu aliowaajiri kwa mkono wake, na maskini ya Mungu hakuwa na habari.

Mama Gundi alikuwa na chumba chake cha nyuma: dirisha moja, meza ndefu, kibano cha chuma kizito kuliko yeye, na sufuria ya gundi ya unga aliyoipika mwenyewe kila Jumatatu. Kitabu kilichochanika, kilicholowa, kilichotafunwa na panya au na mtoto wa mtu, kiliishia mezani kwake. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa akivishona, akivibandika na kuvivisha majalada mapya. Na kwa miaka hiyohiyo ishirini na saba alikuwa akivisoma saa za kazi.

Bwana Nyamaza alimkuta mara nyingi na sindano mkono mmoja, macho yamezama ukurasani, gundi imekauka sufuriani.

"Mama, unashona au unasoma?"

"Daktari gani anatibu bila kumsikiliza mgonjwa?" alijibu Mama Gundi bila kuinua kichwa.

Alichokipenda kuliko vyote ni vitabu vya safari. Kikija kitabu cha upishi alikimaliza kwa siku moja. Kikija cha mtu aliyevuka jangwa, kilikaa mezani wiki tatu na kila alipoulizwa alisema uzi umekwisha. Miji ya watu aliijua kama anavyoijua njia ya kwenda chooni. Siku moja alikuja msomaji aliyeishi ng'ambo miaka minne, wakaanza mazungumzo, Mama Gundi akamuuliza kama ile ngazi ya mawe nyuma ya soko la samaki bado inateleza. Yule bwana alikodoa macho. Miaka minne yote hakujua kama kuna ngazi.

Na huyo Mama Gundi, msafiri wa kutupwa, hakuwa amewahi kutoka nje ya mji aliozaliwa ila mara mbili, zote kwa ajili ya mazishi, na zote alirudi kabla ya magharibi.

Si kwamba hakuitwa. Kazi yake ilikuwa na sifa. Kitabu kimoja alichokishona kilifika kwenye maktaba ya nchi jirani, wakakigeuza huku na huku wakitafuta palipochanika wasipaone, wakaandika barua: tunamwomba fundi huyu aje atufundishe, siku tatu tu, nauli na malazi juu yetu. Mara ya kwanza mumewe alikuwa hai. Mama Gundi akasema haiwezekani, mume wangu atakula nini? Mume, aliyekuwa akipika vizuri kumshinda na mtaa mzima unajua, alibaki ameshangaa na mwiko mkononi. Mara ya pili mume alikwisha tangulia mbele ya haki, na Mama Gundi akasema hawezi kusafiri bila maharimu, mwanamume wa damu yake asiyeweza kumwoa. Hapo hakuna aliyembishia. Dini ni dini.

Mara ya tatu barua ilikuja na maneno haya mwishoni: tunafunga mafunzo mwaka huu, hatutaalika tena. Bwana Nyamaza aliisoma kwa sauti kubwa, yeye ambaye hakuwahi kupaza sauti ndani ya jengo lile. Mama Gundi akashusha pumzi, akaanza, "Ningependa sana, ila unajua mimi ni mjane, sina maharimu..."

Hakujua kwamba Bwana Nyamaza alikwisha kupiga simu nyumbani, na huko kuna mtu amekwisha kuliziba tundu hilo.

Mtu huyo alikuwa wifi yake, dada wa marehemu, fundi cherehani. Waliishi nyumba moja tangu Mama Gundi aolewe, na baada ya mazishi hakuna aliyewaza kuhama. Walikuwa wakitaniana asubuhi mpaka usiku, na siku wasipotaniana majirani walikuja kuuliza nani anaumwa. Wifi alikuwa mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa ulimi. Jioni ile Mama Gundi alirudi akamkuta mdogo wake mwenyewe, fundi bomba, ameketi sebuleni anakunywa chai, na begi miguuni.

"Dada, tunaondoka lini?" akauliza yule fundi bomba, uso umemchanua.

"Huyu ni ndugu yako baba mmoja mama mmoja," wifi alisema akikata uzi kwa meno. "Au naye si maharimu? Tutafute mwingine?"

Mama Gundi alicheka, maana angefanya nini. Lakini usiku ule hakulala vizuri, wala uliofuata.

Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa, na alichokuwa anakiogopa aliona haya kukisema. Vitabu vinavyoletwa kushonwa ni vitabu vilivyoumia, na kitabu huumia kwanza mgongoni. Jalada la nyuma likitoka, huondoka na kurasa za mwisho. Kwa hiyo wasafiri wake wote aliwajua mpaka mahali fulani. Walifunga mizigo, wakaaga, wakafika, wakapotea njia, wakaugua homa, wakapona, wakapanda mlima, kisha basi. Karatasi imekatika. Miaka ishirini na saba anasoma habari za watu wanaokwenda, na waliorudi makwao hawakuzidi watatu. Akili yake ilijua fika kwamba walirudi, la sivyo vitabu wangeviandika vipi? Lakini moyo haukufundishwa na akili, ulifundishwa na zile kurasa.

Basi akatafuta njia ya kutoka, akaipata: tumbo. Alhamisi akaanza kulishika. Ijumaa akalishika zaidi, mpaka wifi akamuuliza kama ni lake au kaazima. Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Jumamosi gari lingekuja saa saba na nusu mchana kuwapeleka uwanja wa ndege. Yeye angesali adhuhuri yake vizuri, halafu angejilaza mkekani palepale, akisema tumbo, tumbo, na mambo yangekwisha. Wala usingekuwa uongo kabisa, alijiambia, kwa sababu kwa hofu ile tumbo lilikuwa linamsokota kweli. Mama Gundi alikuwa mcha Mungu, na mcha Mungu akitaka kudanganya hujisumbua kwanza kutafuta ukweli wa kuutanguliza.

Jumamosi ikafika. Begi lilikuwa mlangoni. Wifi ndiye aliyelifunga. Mdogo mtu alikuwa nje barazani tangu saa nne, amevaa viatu vipya, anachungulia kila gari. Wifi alikuwa amekwisha kusali, amekaa kwenye cherehani yake karibu na dirisha, anashona pindo la gauni la mtu. Mama Gundi akatawadha, akatandika mswala, akasimama.

Alisali taratibu, kwa unyenyekevu wa mtu mwenye deni la tumbo moyoni. Akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto, akainua mikono kuomba dua.

Cherehani ikanyamaza.

"Wifi," ikasema sauti ya dirishani. "Hiyo ni sala gani?"

"Adhuhuri. Kwani saa hizi kuna nyingine?"

"Adhuhuri ya wapi?"

"Ya wapi tena! Adhuhuri ni moja dunia nzima."

"Ya hapa kwetu ina rakaa nne," wifi alisema. "Wewe umesali mbili."

"Nne."

"Mbili. Nimekaa hapa macho yangu makavu, nimekuona. Umerukuu mara ya kwanza nikatia uzi. Umerukuu mara ya pili nikafika kwenye kona ya pindo. Kona ya pili sijaifikia, wewe unatoa salamu."

Mama Gundi alijaribu kuikumbuka rakaa ya tatu, hakuiona. Hakuiona wala ya nne. Alikuwa amesimama mtu mzima, mwenye akili zake, akasali sala ya msafiri katikati ya sebule yake, hatua tano kutoka jikoni kwake.

Na si mtu wa kukosea hapo. Katika darsa la akina mama kila Ijumaa, yeye ndiye aliyekuwa msomaji, na mwaka uliopita mlango wa sala ya msafiri aliurudia mara tatu, akina mama wakimwomba, ingawa wengi wao safari yao ndefu ilikuwa ya kwenda hospitali. Masharti yote ya kupunguza rakaa nne ziwe mbili aliyasoma kwa sauti tamu: safari iwe ndefu, iwe ya halali, na mtu asipunguze sala mpaka aipite nyumba ya mwisho ya mji wake.

"Aipite nyumba ya mwisho," wifi akakariri, akiiga ile sauti ya darsa. "Wewe hata ya kwanza hujaipita. Uko ndani yake!"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea cherehani, gauni la watu likaanguka chini. Mdogo mtu akachungulia mlangoni kuuliza kama gari limekuja. Mama Gundi naye alitaka kucheka, lakini badala yake machozi yalimtoka, akajifuta kwa ncha ya mtandio.

Wifi alipoyaona machozi, akaacha kucheka. Alimtuma mdogo mtu arudi nje akaangalie gari, kisha akaja akakaa chini kando ya mswala.

"Nia nilitia ya nne," Mama Gundi alisema kwa sauti ndogo. "Naapa."

"Ulimi ulitia ya nne. Moyo wako uko uwanja wa ndege tangu asubuhi, unakusubiri."

"Nilikuwa nataka kusema naumwa tumbo."

"Najua. Tumbo gani linauma upande wa kulia Alhamisi, Ijumaa linahamia kushoto? Njia ya mwongo fupi, wifi yangu, na wewe hata kuianza hujui."

Mama Gundi akacheka katikati ya kilio. Kisha akamwambia lile aliloona haya kulisema: kuhusu migongo ya vitabu, na kurasa za mwisho, na watu wote wale waliokwenda wasirudi. Alisema akiangalia mikono yake yenye gundi kwenye kucha. Alisema anaogopa kwamba na yeye atafika mahali, halafu basi.

Wifi alisikiliza bila utani, jambo ambalo lilikuwa geni kidogo ndani ya nyumba ile.

"Kaka yangu," alisema mwishowe, "aliniambia siku ile ya barua ya kwanza: mke wangu anataka kwenda, hajui tu kwamba anataka. Nikamwambia mlazimishe. Akasema hapana, atajua mwenyewe. Mimi nimekungojea ujue miaka tisa. Leo umejua, umejulia juu ya mswala, mbele ya Mola wako. Sasa utamwambia nini? Tumbo?"

Mama Gundi alisimama, akaurekebisha mtandio, akaelekea kibla. Safari hii alisali nne, kamili, na wifi alizihesabu kwa vidole bila hata kuficha. Alipotoa salamu, honi ililia nje.

Hakujilaza. Alilichukua begi mwenyewe.

Garini mdogo mtu alikaa mbele na dereva, na kwa kuwa dada yake alikuwa amemwambia wanaitafuta nyumba ya mwisho ya mji, akaifanya kazi hiyo kwa bidii kuliko bomba lolote alilowahi kufunga. Shida ni kwamba mji ulikuwa umekua. Kila alipotangaza, "Dada, ile ndiyo ya mwisho!" mbele yake ilichomoza nyingine. Walipita nyumba ya bati, wakapita ghala, wakapita ukuta usio na paa ambao dereva alisema si nyumba na mdogo mtu akasema ina mlango. Wakabishana karibu nusu kilomita. Mama Gundi, kwenye kiti cha nyuma, alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili. Kisha ikaja nyumba moja ndogo yenye nguo zimeanikwa, na mwanamke anafagia mbele yake. Baada ya hapo yakawa majani matupu, pande zote mbili, mpaka jicho linapofika.

Mama Gundi akageuka, akaitazama ile nyumba kupitia kioo cha nyuma ikizidi kuwa ndogo. Alingoja hofu ije. Ilikuja, ikakaa naye kidogo, lakini haikumjaza. Pembeni yake ilikuwapo furaha, tena furaha ya kitoto, ya kumfanya mtu wa miaka hamsini na tatu atake kuteremsha kioo na kumpungia mkono mwanamke asiyemjua. Akateremsha. Akampungia. Yule mwanamke akainua ufagio kumjibu.

Alasiri iliwakuta uwanjani, pale penye chumba kidogo cha kusalia, nyuma ya duka la mabegi. Mama Gundi alitandika mtandio wake wa pili, akasali. Alipotoka, simu ilikuwa inaita.

"Mmeipita?" wifi akauliza, hata salamu hakutoa.

"Tumeipita."

"Umesali?"

"Nimesali."

"Ngapi?"

"Mbili."

Kule upande wa pili cherehani ilikuwa kimya. Mama Gundi alisikia wifi akivuta kamasi, akijifanya anakohoa.

"Halali yako," wifi alisema. "Mbili nyingine ziko hapa nyumbani. Rudi uje uzisali."